Dakika 4 na sekunde 20

Ami ndiye aliyegundua dawa kabla sijaugundua ugonjwa. Picha ikiganda, alisema, usiguse waya wala usizime TV. Panda chaneli moja juu, kisha rudi ulipokuwa. Alikuwa ameshawafundisha wageni wote, kuanzia vyumba vya chini hadi vya juu, nao wakaifuata kama tembe za hospitali: juu, chini, picha inaendelea. Muda si muda inaganda tena.

Ami ni mtunza nyumba, rika la baba yangu. Aliponisimulia hayo alikuwa amekaa darini kwenye kiti chake cha ukindu, na hakuwa akilalamika. Alidhani TV za kisasa ndivyo zilivyo. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimekuja siku iliyotangulia kurekebisha jambo moja, nikaliacha nusu.

Nyumba yenyewe iko mjini Lamu, mtaa wa Mkomani, ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Ni nyumba ya kale ya mawe, ghorofa tatu, na mwenyewe amegeuza vyumba 14 kuwa vya wageni. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima kutoka begani hadi kwenye vidole. Dari ni za boriti. Sebuleni vidaka bado vimekamilika, na mama mwenye nyumba havitaki kuguswa hata kwa msumari mmoja. Namuunga mkono. Lakini kwa fundi wa mitandao kuta hizo ni mtihani, maana mawimbi ya Wi-Fi yakizigonga yanafia humo humo. Kwa hiyo TV zote zilivutiwa kebo: zinapanda na ngazi, zinapita juu ya boriti, zinateremka nyuma ya vitanda. Kila ghorofa ina swichi moja ya mtandao, kisanduku chenye matundu ya kebo, yaani poti, kinachogawa data kwa vifaa. Juu ya paa kuna dishi la setilaiti, na chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo, kuna enkoda inayozipokea chaneli 12 na kuzimwaga kwenye mtandao, kila moja ikila kama megabiti 6 kwa sekunde.

Siku ile ya kwanza mama aliniita kwa jambo lingine kabisa. "Mwanangu, intaneti yangu imekufa. Nimeongezewa kifurushi mara mbili, pesa zinakwenda, na bado imekufa." Waliomuuzia walimwambia wageni wamekuwa wengi. Hawakupanda ngazi kutazama. Mimi nilichomeka laptopu kwenye rauta yao, intaneti ikaja vizuri. Nikapanda ghorofa ya pili, nikachomeka kwenye swichi, na ukurasa mmoja wa habari ukanichukua dakika nzima kufunguka. Basi tatizo halikuwa baharini wala hewani wala kwa waliouza. Lilikuwa ndani ya nyumba.

Nikafungua Wireshark, programu ya kutazama paketi, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyopita kwenye kebo, na kukaa kimya. Sikuomba chochote. Paketi zikaanza kumwagika kama mchele gunia likipasuka, zote zikielekea anwani za aina moja: 239.10.0.1, 239.10.0.2, mpaka 239.10.0.12. Chaneli zote 12 za TV zilikuwa zinaingia kwenye laptopu yangu, na laptopu yangu si TV. Megabiti 72 kila sekunde, kwenye kila poti ya kila swichi: kwenye printa, kwenye kamera za mlangoni, kwenye vifaa vya Wi-Fi vya korido. Hivi vya Wi-Fi ndivyo vilivyoumia zaidi. Kifaa cha Wi-Fi kikipokea kitu kilichotumwa kwa kundi la vifaa kwa pamoja, hukirusha kwa mwendo wa chini kabisa ili hata simu iliyo mbali ikipate, na mwendo huo mara nyingi ni megabiti 6, au hata 1 kwa vifaa vya zamani. Ukikisukumia megabiti 72, hewa yote ya korido inajaa, na mgeni anayetaka kumwandikia mkewe ujumbe hapati pa kupita. Mama wa watu karibu auziwe kifurushi cha tatu.

Hizo anwani zinazoanza na 224 hadi 239 ni za maltikasti, yaani kutuma mara moja kwa kundi zima, na wazo lake mimi nalipenda sana, kwa sababu ni wazo la kutoharibu. Mzigo wa unga ukitoka Mombasa kuja Lamu, hakuna anayekodi jahazi moja kwa kila duka. Jahazi ni moja, mzigo ni mmoja, na unagawiwa gatini: punda huyu anakwenda Langoni, yule Mkomani. Maltikasti inafanya vivyo hivyo. Enkoda inatoa nakala moja ya chaneli, hata kama TV 14 zinaitazama, na nakala inazalishwa pale njia zinapoachana tu. Aliyeliweka wazo hili maandishini ni Steve Deering, akiwa Stanford, katika waraka wa RFC 1112, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, wa Agosti 1989.

Shida ni gatini. Swichi ya kawaida haijui nani ameagiza. Kwa barua ya mtu mmoja, swichi hujifunza: imeona anwani hii ikitokea poti ya tatu, basi barua zake zinapelekwa poti ya tatu. Lakini anwani ya kundi haitokei poti yoyote, maana hakuna kifaa kinachotuma kikijiita kwa jina la kundi. Kwa hiyo swichi inafanya linalobaki: inapakia punda wote na kuwapeleka kwenye milango yote, aliyeagiza na asiyeagiza. Unga unarundikana vibarazani kwa watu ambao hata hawapiki.

Dawa yake inaitwa snupingi ya IGMP. IGMP ni lugha ambayo vifaa hutumia kujiunga na makundi na kuyaaga, na snupingi ni kuisikiliza pembeni. TV ikitaka chaneli, hutuma ujumbe mfupi wa kujiunga na kundi. Ujumbe huo kwa asili unamlenga rauta, lakini swichi yenye snupingi huutegea sikio ukipita na kuandika: poti ya saba inataka 239.10.0.4. Tangu hapo chaneli hiyo inapelekwa poti ya saba na si kwingine. Swichi za nyumba ile zilikuwa na uwezo huo tangu zilipotolewa kwenye maboksi. Umezimwa tu, hakuna aliyegusa. Nikauwasha kwenye zote tatu, nikachomeka laptopu tena, kimya. Intaneti ikafufuka saa ile ile. Mama akanipa kahawa na halua, nikaenda zangu Langoni nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Asubuhi yake ndipo ami aliponipigia simu.

Nilimwomba tukae naye chumba cha ghorofa ya pili, mlango wa kuume. Nikafungua chaneli ya nne, nikabonyeza saa ya simu. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtangazaji anaendelea na habari zake. Ami ananitazama mimi, haangalii TV. Dakika ya nne ikapita, kisha mtangazaji akasimama mdomo wazi, mkono hewani. Nikatazama saa: dakika 4 na sekunde 20. Tukarudia. Dakika 4 na sekunde 20. Tukaenda chumba kingine, chaneli nyingine, ikawa ile ile na sekunde moja juu.

Waya mbovu hauna saa. Ungeganda dakika ya pili leo na dakika ya tisa kesho. Kitu kinachokufa kwa miadi kimeuawa na hesabu, na hesabu hii naijua: sekunde 260. Katika IGMP, anayesimamia makundi huuliza kila baada ya sekunde 125, "nani bado anataka?" TV zina sekunde 10 za kujibu. Swali moja likipotea njiani si kitu, la pili litafika. Ndiyo maana swichi husubiri mara mbili ya 125 na kuongeza 10, ndipo ifute jina. Mbili mara 125 ni 250, na 10 ni 260.

Kwa hiyo TV ilikuwa inajiunga vizuri pale mgeni anapochagua chaneli. Swichi inaandika jina, picha inakuja. Kisha swichi inasubiri swali lipite ili isikie jibu, na swali halipiti. TV nayo haina sababu ya kusema tena, kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Imetulia, inatazama, imeridhika. Swichi inasoma ule utulivu kama kuondoka. Sekunde ya 260 inafuta jina na kufunga mlango, na mtu anabaki na mtangazaji mdomo wazi. Dawa ya ami ilikuwa sahihi kabisa: kuhama chaneli na kurudi ni kuilazimisha TV iseme upya, na kusema upya kunanunua sekunde 260 nyingine.

Muulizaji ndiye aliyekosekana. Kwenye mitandao mikubwa kazi hiyo ni ya rauta ya maltikasti, lakini rauta ndogo ya mama haikuwa ikiuliza chochote. Na nimeona nyumba nyingi, hapa na Shela, ambako fundi aliyepita aliwasha snupingi, picha zikaganda, akaizima tena na kuandika kwenye ripoti kwamba vifaa havipatani. Vinapatana. Kuna tu kazi moja ambayo haikupewa mtu. Na kuna swichi ambazo zikikosa muulizaji hurudi kumwaga kila kitu kila mahali, kwa hiyo mwenye nyumba hata hajui kwamba snupingi yake haifanyi kazi. Hizo ni mbaya zaidi, kwa maoni yangu, kwa sababu hazimwiti fundi.

Swichi za mama zinaweza kujifanya muulizaji zenyewe. Swali likawa ipi. Nilitaka kuchagua ya ghorofa ya tatu, kwa kuwa ndiyo mpya na yenye nguvu. Ingekuwa kosa la pili. Swichi zote huchukulia kwamba upande wa muulizaji ndiko kuliko na rauta, na rauta lazima aone makundi yote. Hivyo kila chaneli, iwe imeombwa au haikuombwa, inapelekwa upande wa muulizaji. Enkoda iko chini. Muulizaji akiwa juu, megabiti zote 72 zitapanda ngazi mchana na usiku hata kama vyumba vyote ni vitupu. Akiwa chini, kwenye swichi ile ile ilikochomekwa enkoda, zinazopanda ni zile tu zilizoagizwa. Nikampa kazi swichi ya chini, na nikampa anwani yake halisi, 10.20.0.2, kwa sababu kuna vifaa visivyokubali kuulizwa na asiye na anwani. Swichi ya pili nikaiwekea akiba, anwani 10.20.0.3. Wakiwa wawili, kanuni ya IGMP tangu toleo la pili, la mwaka 1997, ni kwamba mwenye anwani ndogo ndiye anayeuliza na mwingine ananyamaza mpaka asikie kimya. TV nikazitenga kwenye vilani yake, yaani mtandao wa peke yake ndani ya swichi zile zile, mbali na Wi-Fi ya wageni.

Tukakaa tena chumba kile, mimi na ami, na saa. Dakika ya nne. Sekunde ya 20. Ya 30. Dakika ya tano. Ami hakusema kitu, alichukua rimoti akaiweka mezani kifudifudi.

Lingeishia hapo, ningekuwa nimeandika ukurasa mmoja. Lakini Maulidi yalikuwa yanakaribia. Mwezi wa Mfungo Sita mji huu unajaa, watu wanatoka pwani nzima na ng'ambo kuja Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na siku ya zefe hakuna pa kukanyaga barabara ya mbele. Mama akaniomba kamera juu ya paa ili wageni wazee, wasioweza kushuka kwenye msongamano, waone matwari yakipita wakiwa vyumbani. Nilifurahi sana na kazi hiyo. Nikafunga kamera, nikaipa kundi lake: 239.128.0.5. Sikuchagua kwa kufikiri. Niliona namba inakaa vizuri, iko mbali na zile 12 za enkoda.

Ikafanya kazi mara moja, kila chumba. Nikashuka kuhakiki, nikachomeka laptopu, na paketi za kamera zikaniingia bila kuombwa. Chaneli 12 kimya, kamera peke yake inamwagika kwenye poti zote. Snupingi imewashwa, muulizaji anauliza, na kundi moja tu limekataa kufungwa.

Jibu liko katika namna anwani ya IP inavyogeuzwa kuwa anwani ya Ethaneti, ile ambayo swichi huitazama kwenye kebo. Huko Ethaneti, anwani za makundi haya zote huanza na 01:00:5E, kisha zinabeba biti 23 za mwisho za anwani ya IP. Anwani ya kundi ina biti 28 zake yenyewe. Biti 5 zinaangushwa njiani, na kwa hiyo makundi 32 tofauti yanavaa kanzu moja, yaani anwani moja ya Ethaneti. Inasimuliwa kwamba Deering alitaka mafungu 16 ya anwani za Ethaneti ili zote zienee, kila fungu likiuzwa dola 1,000, na Jon Postel, aliyekuwa msimamizi wa namba za intaneti, akanunua fungu moja na kumpa nusu yake. Tangu hapo sote tunaishi na kanzu ya kupokezana.

Fanya hesabu ya 239.128.0.5. Ile 128 ni biti ya juu peke yake, na ndiyo inayoangushwa. Kinachobaki ni 01:00:5E:00:00:05, na hiyo ndiyo kanzu ya 224.0.0.5. Anwani zote za 224.0.0.0 hadi 224.0.0.255 ni za mazungumzo ya vifaa vyenyewe: rauta kutafutana, simu kutafuta printa. Waraka wa RFC 4541 wa mwaka 2006, unaoeleza swichi za snupingi zifanye nini, unataka hizo zipelekwe poti zote bila kungoja maombi, na ni haki. Swichi ya mama inatazama kanzu, haitazami uso. Iliiona kamera yangu imevaa 01:00:5E:00:00:05 na kuipitisha kila mahali kama ndugu wa rauta. 239.0.0.5 ingenitia kwenye shimo lile lile. Nikahamishia kamera 239.10.1.1, ambayo kanzu yake ni 01:00:5E:0A:01:01, na kimya kikarudi. Tangu siku hiyo sigawi anwani ya kundi bila kuigeuza kwanza kwenye karatasi.

Likabaki moja dogo la ghorofa ya tatu. Vyumba viwili vya pembeni vinatumia kebo moja, kwa sababu mama hakukubali ukuta utobolewe mara ya pili, na nyuma ya kebo hiyo niliweka kiswichi cha poti tano kisicho na akili. Nilikuwa nimewasha ule mpangilio wa kuondoka haraka, ambao swichi ikisikia TV inaaga kundi, inafunga poti papo hapo. Chaneli zinabadilika upesi, inapendeza. Lakini mgeni wa chumba kimoja akihama chaneli, jirani yake aliyekuwa akitazama ile ile anakatiwa. Bila mpangilio huo, muulizaji huuliza kwanza kuhusu kundi lile lile, mara mbili, sekunde moja moja: kuna mwingine? Kama vile huwezi kunyanyua birika barazani kwa kuwa mmoja ametosheka. Nikauzima kwenye poti hiyo tu. Kwenye poti zenye TV moja moja nimeuacha, na ninaushauri.

Usiku wa zefe nilikuwa barabarani kama watu wote, sikuona TV hata moja. Nilirudi nyumba ile siku mbili baadaye kukagua, nikakuta swichi ya pili, ile ya akiba, ndiyo inayouliza. Ya chini ilikuwa imezimika kwa muda ikawaka tena, na hesabu ya muda wake ilionyesha ni asubuhi hiyo hiyo. Kubadilishana kazi kulikuwa kunaendelea mbele ya macho yangu: dakika chache baadaye 10.20.0.2 ikauliza, 10.20.0.3 ikanyamaza.

Nilikuwa nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la vifaa, kwa Kiswahili, ili fundi yeyote atakayekuja asianze upya: swichi ipi inauliza, ipi ya akiba, makundi ya chaneli, kundi la kamera na kanzu yake, poti isiyo na kuondoka haraka. Chini ya mwandiko wangu mlikuwa na mstari mpya, kwa penseli, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika chuoni: "Swichi ya chini isichomolewe kwa ajili ya pasi. Tumieni soketi ya jikoni."